Macho ya Chui Milia

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, kitu kilichoogopwa kuliko vyote bomani kwetu, karibu na machimbo ya dhahabu ya Macalder, kilikuwa blanketi. Majirani walikuwa na vya kwao: shimo la dhahabu lililofukiwa ambalo hakuna aliyelikaribia, mzee aliyesemekana kufuga chui na kumtuma kwa watu aliokosana nao. Sisi tulikuwa na blanketi. Likilowa, lilihitaji watu wawili kulikamua, na katikati yake alilala mnyama.

Baba alikuwa akishika bendera kwenye ujenzi wa barabara iliyopita chini ya boma letu, nyekundu ya kusimamisha magari na kijani ya kuyaachilia. Msimamizi wake alikuwa Mchina mwembamba wa makamo aliyeitwa Chen. Mama alipojifungua ndugu yangu Omondi, Chen alipanda hadi kwetu akiwa na mfuko wa plastiki wenye zipu. Akampa baba kwa mikono miwili na kusema, "Ya mtoto." Alikataa chai akarudi kazini.

Siku hizi mablanketi ya aina hiyo yananing'inia mbele ya maduka ya mjini Suna na hakuna anayegeuka kuyatazama. Wakati ule boma zima lilikuja kuona. Mnyama alikuwa na rangi ya udongo wa murami ulionyeshewa, na mistari myeusi kama mtu ameivuta kwa kidole chenye masizi. Tumbo na mashavu yalikuwa meupe. Uso ulikuwa mpana kama sinia, sharubu ndefu, na miguu ya mbele imekunjwa kama ya paka aliyeshiba. Kwenye paji la uso mistari ilikuwa imejipanga kwa namna ambayo mistari ya mnyama haijipangi: mitatu ya kulala, mmoja wa kusimama ukiikata katikati. Macho yalikuwa ya manjano. Ukisimama mlangoni yanakutazama, na ukihamia dirishani bado yanakutazama.

Mwalimu wetu alisema ni chui milia, na kwamba Afrika hayupo. Baba, aliyejifunza neno kwa Chen, alimwita taiga. Dani, yaani nyanya yetu mzaa baba, hakukubali jina lolote. Alizaliwa kwenye milima ya Gwassi na alipokuwa msichana aliwahi kumwona chui wa kweli akimbeba mbuzi.

"Huyu si kwach," alisema, akilitaja jina la chui kwa Kijaluo, lugha tuliyozungumza nyumbani. "Kwach ana madoa. Mimi nimemwona. Huyu ana mistari. Kuna mtu amemtengeneza."

"Kiwanda kimemtengeneza, Mama," mama yangu akasema.

"Basi kiwanda kimempa sihoho." Sihoho ni jicho baya, lile linaloweza kumtazama mtoto anayenyonya akaanza kutapika. "Angalia macho yake yalipo. Mbuzi ana macho pembeni, ili amwone anayekuja kumla. Mwenye macho mbele ndiye anayekuja."

Mama alikuwa Msabato wa kisiwa cha Rusinga na hakuwa na muda na mambo hayo. Alicheka, akaninyooshea kidole. "Hata daftari la Awuor lina picha ya simba."

"Simba wa daftari halali na mtoto, Nyar Rusinga," Dani akajibu, yaani binti wa Rusinga.

Vita vya blanketi vilichukua wiki kadhaa. Mama aliligeuza uso chini ili amani ipatikane, na Dani akaingia na bakora yake akapiga kelele: sasa mnyama anamtazama mtoto uso kwa uso! Mama akaligeuza tena. Kwa kuwa nililala chumba kimoja na mtoto, macho yalinigeukia mimi. Kila asubuhi nilikuwa nikiyatazama kwanza kabla ya kumtazama ndugu yangu, kuona kama yamesogea. Nikiwa mtu mzima naweza kusema hayakusogea hata siku moja. Nikiwa na miaka kumi na moja sikuwa na uhakika huo.

Baba peke yake ndiye aliyempenda taiga, kwa sababu kazini alikutana naye kila siku kwenye maneno ya Chen. Vijana walioanza kuchimba mtaro kwa nguvu asubuhi na saa sita wakaegemea sepetu, Chen aliwaambia wana kichwa cha taiga na mkia wa nyoka. Karani mmoja wa pale aliyewafokea wenzake wakati tu Chen amesimama nyuma yake aliitwa mbweha wa taiga, maana kwao mbweha wa namna hiyo hujifanya wanyama wanamkimbia yeye, kumbe wanamkimbia taiga aliye nyuma yake. Baba alileta maneno hayo nyumbani kama watu wengine wanavyoleta sukari. Nikiosha vikombe nikaacha sufuria, nilisikia, "Awuor! Kichwa cha taiga!" Nami nilijua mkia ni wangu.

Omondi aliugua akiwa na miezi saba. Ilikuwa majira ya mvua. Alichemka usiku kucha, na asubuhi mama akamsagia nusu ya kidonge cha homa kutoka dukani akamnywesha kwa kijiko. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kuosha mchanga wa dhahabu kule mtoni. Mawe yalikuwa yameshasagwa, na wanawake wa kundi lake walikuwa wanamngoja na makarai yao. Akasimama mlangoni akimtazama mtoto, na mimi namtazama yeye.

"Leo hutaenda shule," akaniambia. "Mfunike vizuri mpaka atoke jasho. Jasho likitoka, homa imetoka. Usimfunue hata kidogo. Umesikia?"

"Na Dani akisema nimfunue?"

"Dani hakumzaa."

Akaondoka haraka, na mimi nikamfunika ndugu yangu hadi kidevuni. Mama aliyecheka imani za wazee alikuwa na yake, naye hakujua kwamba ni imani. Hilo nimelielewa baadaye sana, siku niliyojikuta namfunika wa kwangu.

Dani aliingia saa nne, mikono ina udongo wa bustani. Akaona mtoto, akaona mnyama juu yake.

"Toa hiyo kitu."

"Mama amekataza."

"Nimesema toa, mjukuu wangu. Mtoto anatazamwa. Huoni anavyochemka? Amekaliwa kifuani."

Nililivuta blanketi hadi kiunoni. Omondi akaanza kutetemeka, akalia kilio chembamba. Nikalirudisha. Dani akanitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa mbele yake, akasema anakwenda kuchuma majani ya kumwoshea, na atakaporudi asilikute. Nilisikia bakora yake ikienda mbali.

Nikabaki na amri mbili. Nikitoa blanketi, mama atanichapa, na mtoto anatetemeka. Nikiliacha, Dani anasema atakufa. Omondi aliacha kulia. Uso wake ulikuwa wa moto na mkavu, hakuna jasho lolote, na juu ya tumbo lake yale macho ya manjano yananitazama kwa utulivu, kama anayejua tutakapofika.

Ndipo nikapata wazo lililoonekana jema. Blanketi lingebaki, kama mama alivyotaka. Macho yangeondoka, kama alivyotaka Dani. Wembe wa baba ulikuwa kwenye kopo juu ya kabati. Niliinua ile sehemu ya uso mbali na mtoto, nikaibana kati ya magoti, nikakata. Lilikuwa gumu. Nilizungusha wembe polepole, manyoya yakibaki vidoleni, hadi jicho la kwanza likatoka lote, duara kama kifuniko cha chupa. Kisha la pili. Nikaviweka viduara viwili mfukoni mwa gauni na kulaza blanketi tena juu ya mtoto.

Nilipomtazama Omondi, macho yake hayakuwepo. Kope zilikuwa wazi, lakini ndani palikuwa peupe. Weusi wa macho ulikuwa umepanda juu na kupotea. Kisha mkono wake wa kushoto ukaanza kuruka, na mguu, na mwili wote ukakakamaa na kugonga godoro, na povu likatokea mdomoni.

Sijawahi kumwambia mtu nilichofikiri wakati ule, ila mmoja, na nitafika kwake. Nilifikiri: nimekata ya mnyama, naye amechukua ya ndugu yangu.

Nilipiga kelele moja tu. Dani aliingia bila bakora na bila majani. Alilishika blanketi kwa mikono miwili akalitupa nje ya mlango, uani, na likaangukia matopeni. "Degedege," alisema, na sauti yake haikuwa ya kugomba tena. Akamvua Omondi nguo zote, akamlaza ubavu juu ya paja lake. "Maji! Ya mtungini! Leta kata!" Nikaleta, naye akammwagia kidogo kidogo kichwani, kifuani, kwapani, akimsugua kwa kiganja na kumwambia yule mnyama amtoke, arudi kwao, hapa hana ndugu. Maji yalitiririka hadi chini ya kitanda. Mtikisiko ukapungua, ukakoma. Omondi akalala legelege. Nikainama kumtazama. Kope zilikuwa zimefumba. Sikuthubutu kuzifungua.

"Kimbia kwa baba yako," Dani akasema. "Hapana. Twende wote."

Tuliteremka, yeye mbele na mtoto kifuani kwenye kanga iliyolowa, mimi nyuma, hadi barabarani ambako baba alisimama na bendera yake nyekundu mbele ya lori. Alipotuona, aliiacha ikaanguka. Chen alikuwa kwenye pikapu. Hakuuliza. Alimwangalia mtoto mara moja, akatupa makaratasi yaliyokuwa kwenye kiti cha nyuma, akasema, "Ingia. Wote." Baba akamwita kijana wa zege akimbie mtoni kumleta mama.

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto Kuja, na daraja jipya lilikuwa nguzo tu. Magari yalipita kwenye njia ya muda, mabomba ya zege yaliyofukiwa kwa kifusi. Siku hiyo mto ulikuwa umepanda na kuifunika. Hukuona njia, uliona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakienda kwa kasi, na vijiti viwili vyenye vitambaa vyekundu kuonyesha kingo. Wenye pikipiki walikuwa wamesimama kando.

"Haipitiki," baba akasema.

Chen akashusha kioo, akatazama vijiti, akahesabu kitu kwa midomo, akaingia.

Maji yaligonga milango. Nilisikia mawe yakiviringika chini yetu. Tulipofika katikati, injini ikakohoa, pikapu ikasogea upande, nusu hatua, kwa kulazimishwa. Dani alifumba macho. Baba akamshika Chen bega.

"Bosi, rudi! Rudi nyuma!"

"Hapana." Chen hakupaza sauti. "Sisi sasa juu ya taiga. Kushuka, mbaya zaidi."

Baba alinieleza baadaye kwamba Wachina ndivyo wasemavyo mtu akiwa ndani ya jambo ambalo kuliacha kunaua haraka kuliko kuendelea nalo. Siku ile nilisikia neno moja tu, taiga, nikaamini mnyama yuko chini ya gari, na kwamba anatujua. Mkono wangu ulikuwa mfukoni umeyabana macho yake. Nilikuwa karibu kuyatupa dirishani. Kisha magurudumu ya mbele yakashika kitu, pikapu ikanguruma, tukapanda ng'ambo maji yakimwagika chini ya milango.

Muuguzi alimpokea Omondi mikononi mwa Dani na kutoweka naye nyuma ya pazia. Tuliambiwa tungoje. Baba alitembea mbele ya mlango huku na huku. Muuguzi alirudi mara moja tu kuuliza maswali, akiandika.

"Alifunikwa?"

"Blanketi zito," Dani akasema. "Mama yake—"

"Mtoto anayechemka hafunikwi, mama. Anapozwa. Nani alimpoza?"

"Mimi."

"Umefanya vizuri." Dani akaninyanyulia kidevu kidogo, kama mtu aliyeshinda kesi. Muuguzi akageuza karatasi. "Analala kwenye chandarua?"

Chandarua alichopewa mama kliniki kilikuwa bustanini, kimetandazwa juu ya miche ya sukuma wiki ili kuku wasiidonoe. Aliyekitandaza alikuwa Dani mwenyewe, na mikono yake ilikuwa bado na udongo wa asubuhi ile. Aliificha chini ya kanga.

"Hapana," baba akasema mwishowe.

Nilitoka nje. Chen alikuwa ameketi kwenye benchi, suruali imelowa hadi magotini, anakula biskuti. Akanipa moja. Sikuweza kuila. Nilitoa viduara viwili mfukoni, nikamwonyesha kiganjani.

"Nimekata macho ya taiga wako," nikamwambia. "Na Omondi hana macho sasa."

Alivitazama. Nilingoja anifokee. Baba angefukuzwa kazi, hilo nililijua. Badala yake aliokota kijiti akachora mchangani mistari mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama, kama ile ya paji la uso.

"Hii, *wang*. Mfalme. Mungu aliandika kwake hapa." Akajigusa paji. "Kwetu, mtoto akizaliwa, nyanya anashona viatu. Kiatu na uso ya taiga. Macho kubwa, kubwa sana. Kofia pia. Mimi nilivaa. Mtoto wangu alivaa."

"Kwa nini?"

"Kitu mbaya ikija usiku, kuchukua mtoto, inaona macho. Inaogopa. Inaenda." Akageuza kiganja kuelekea barabarani. "Taiga haangalii mtoto. Anaangalia huko. Nje."

Nilifikiri juu ya hilo. Wiki zote zile tulikuwa tunamgeuza mlinzi huku na huku, tukimlaumu kwa kila upande.

"Lakini sasa hana macho," nikasema.

Chen alimaliza biskuti, akapangusa mikono.

"Basi hiyo kazi ya macho, sasa yako," akasema.

Mama alifika jioni jua likiwa bado juu, mto umepungua, miguu ina matope hadi magotini, karai mkononi kwa sababu alisahau kuliweka chini. Alipita bila kutuona. Tukamfuata. Omondi alikuwa amelazwa na sindano ya dripu iliyofungwa kwa plasta mkononi, kope zimefumba. Mama akaita jina lake. Karai likamponyoka, likagonga sakafu kwa kishindo cha bati, wagonjwa wote wakashtuka, na ndugu yangu akafungua macho. Meusi, yote mawili. Yakaitafuta sauti, yakampata mama, kisha akakunja uso akalia kwa hasira.

Niliketi chini pale pale sakafuni. Baba alidhani ni njaa.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Ilikuwa malaria, akatibiwa, akapona. Mama aliliona blanketi, akaona matundu, akanichapa, lakini viboko viwili tu na si kwa moyo wote. Akaziba matundu kwa viraka vya bluu kutoka sare yangu ya zamani, kwa hiyo hadi leo mnyama ana macho ya bluu na huonekana kama mtu aliyeshangaa. Dani alitangaza kote kijijini kwamba alionya na hakusikilizwa, jambo ambalo ni kweli. Hakutaja chandarua. Lakini siku tuliyotoka hospitali, miche ya sukuma wiki ilikuwa wazi, kuku wameila yote, na chandarua kimefuliwa na kufungwa juu ya kitanda cha Omondi kwa kamba nne. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila jioni alipita kuzikaza zile kamba.

Sasa naishi Suna, nashona sare za shule na nina watoto watatu. Omondi ni mwanamume mwenye ndevu na uvuvi wake Mbita. Humkumbuka mnyama kwa sababu tu mimi humsimulia. Watu huniuliza kama naamini mambo ya wazee, na huwa nachoka kabla ya kujibu. Dani alikosea kuhusu blanketi na akafanya la kufanya. Mama alikuwa na kichwa cha kisasa na akamfunika mtoto anayewaka moto. Chen alimpa mtoto mlinzi mwenye macho makubwa, na mbu akapita mbele ya macho hayo bila kusimama. Wote watatu walikuwa wanaogopa kitu kimoja, na kila mmoja alikitazama upande ambao hakikuwepo. Mimi nami nilishika wembe.

Blanketi liko kwangu. Mama aliniachia, na manyoya yameisha sehemu za katikati. Wiki iliyopita kitinda mimba wangu alipata homa. Nilimvua nguo, nikampoza kwa kitambaa, nikampeleka kliniki kabla ya kufungua cherehani, kisha nikamrudisha na dawa. Nilichomeka chandarua chini ya godoro pande zote nne, nikapitisha mkono kuhakikisha. Blanketi nililiacha likining'inia kwenye kiti, mbali naye.

Halafu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinitazama, nilikigeuza kiti kikaelekea mlangoni.